Chumvi Haiingii Peke Yake

Nyumba isiyo na sukari ni nyumba isiyo na wageni. Kwa Mwalimu Ézéchias, juu ya kilima kimoja cha Butembo, kopo la sukari lilikuwa tupu mwaka wa tano huu, wala halikumsumbua. Yeye mwenyewe alikunywa kahawa chungu tangu ujana. Sukari ilikuwa ya marehemu mke wake, Mama Berthe, vijiko vitatu katika kila kikombe, na ya watu waliokuja kumtembelea Berthe. Berthe alipokufa, watu hawakuja tena. Kopo lilibaki kabatini na chembe zake chache, na sisimizi wakazimaliza bila kuomba ruhusa.

Alikuwa mwalimu wa biolojia, na bado alifundisha ingawa nywele zilikuwa nyeupe zote, maana kwetu mwalimu hastaafu, anaanguka tu siku moja na chaki mkononi. Somo alilolipenda kuliko yote ni lile la seli hai, namna vitu vinavyoingia ndani yake na kutoka. Siku moja alikuja darasani na kiazi kikubwa kilicholimwa Alimbongo, akakikata kati, akakichimba shimo na kutia chumvi kavu humo. Baada ya saa moja shimo lilikuwa limejaa maji. Nani ameleta maji? aliuliza. Wanafunzi walitazamana. Hakuna aliyeleta. Maji yametoka ndani ya kiazi chenyewe, yakiifuata chumvi. Maji ni mfuasi, alisema, penye chumvi ndipo yanapokwenda.

Kisha alieleza juu ya ule utando unaoizunguka seli, ambao kwa Kifaransa cha kitabu unaitwa membrane. Si ukuta wa matofali, alisema, ni ukuta wenye milango, na kila mlango una mlinzi wake. Katika utumbo wa mtu kuna mlango mmoja wenye mlinzi mkaidi sana. Chumvi ikija peke yake, hafungui. Sukari ikija peke yake, hafungui. Zikija mbili zimeshikana mikono, anafungua, zinaingia pamoja, na maji yanafuata nyuma. Hapo Mwalimu aligonga ubao kwa chaki na kusema, "Donc?", yaani, kwa hiyo? Darasa zima likajibu kwamba chumvi haiingii peke yake. Vijana walimpa jina la Maître Membrane, Mwalimu Utando, na watu wazima wenye mvi zao walikuwa bado wakimpigia kelele kwa jina hilo sokoni. Zamani. Siku hizi walimwona wakageukia nyanya.

Jumapili moja ya Agosti, shule zikiwa likizoni, tumbo lilianza kumkata kulipopambazuka. Hadi kwaya ya kanisa la chini ilipoanza kuimba, alikuwa ameshakwenda chooni mara tisa, na mara mbili alitapika palepale njiani, kwenye matone ya mvua. Kilichomtoka hakikuwa tena uchafu. Kilikuwa maji meupe, kama yale ya kuoshea mchele. Alirudi akaketi kitandani, akaibana ngozi ya mgongo wa mkono kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama imesahau njia ya kurudi. Hakuhitaji daktari wa kumwambia. Seli za utumbo wake zilikuwa zikiisukuma chumvi nje, na maji, mfuasi yule yule, yalikuwa yakiifuata.

Dawa yake aliijua kuliko sala ya Baba Yetu: maji safi litre moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Maji yaliyochemshwa alikuwa nayo katika termosi. Chumvi alikuwa nayo. Alifungua kabati, akalitazama kopo la Berthe, akalitikisa, na halikutoa sauti yoyote.

Sasa angalia ukaidi wa mtu msomi. Alikoroga chumvi peke yake katika maji akanywa vikombe viwili, akijiambia kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna. Mwanafunzi wake yeyote ambaye angefanya hivyo, yeye angempa sifuri na kumwita babake. Haikupita nusu saa akawa chooni tena, na safari hii alirudi kwa magoti, akikamata ukuta. Mganga hajigangi, wanasema watu. Alifikiria uji mwembamba wa unga, ambao nao ungefaa, lakini makala yake, makaa ya kupikia, yalikuwa nje yameloana na mvua, na mikono haikuweza tena kuinua sufuria. Alifikiria soda ya duka la mteremkoni, lakini huo mteremko hata mbuzi anauheshimu.

Alifikiria kupiga kelele kuita dereva wa pikipiki ampeleke kituo cha afya. Hapo akajizuia. Mzee anayetapika kwenye pikipiki, na maji yanamtoka, katika mji huu? Watu wangekimbia. Wangekumbuka mambo. Na katika avenue ile, mtu ambaye angekumbuka kuliko wote alikaa upande wa pili wa njia, nyuma ya ua wa vichaka vya miyenzi, katika nyumba yenye mlango wa buluu. Jina lake ni Kahongya, mshonaji wa nguo, na nyumbani mwake sukari haikukosekana hata siku moja.

Miaka sita nyuma, wakati wa Ebola, Mwalimu Ézéchias alikuwa amechaguliwa na mtaa awe mmoja wa watu wa kutoa habari. Walimpa kofia, karatasi za mafunzo na namba ya simu. Ndoo ya maji ya klori ilisimama kwenye lango lake, na aliyetaka kuingia alinawa kwanza. Mamake Kahongya, Mama Débora, mwanamke aliyemfundisha Berthe kusuka vikapu, akashikwa na homa na kutapika. Kahongya alikuja mwenyewe kumwambia. Alimwomba asubiri hadi kesho yake asubuhi, ampeleke mamake kituoni yeye mwenyewe kwa miguu yao, bila magari, bila watu wa mavazi meupe. Mwalimu alimkubalia. Alisema ndiyo. Kisha Kahongya alipovuka njia kurudi kwake, yeye alipiga ile namba.

Magari yalikuja kabla ya mchana. Walimchukua Mama Débora, wakapuliza dawa ndani ya nyumba, wakachoma godoro na vikapu vyake vyote. Alikufa siku ya tatu, akazikwa ndani ya mfuko na watu asiowajua, na Kahongya alisimama mbali akitazama. Siku mbili baadaye karatasi ya maabara ilifika. Haikuwa Ebola. Ilikuwa malaria, iliyochelewa.

Hilo peke yake pengine lingesamehewa, kwani siku zile kila mtu aliogopa na kila mtu alikosa. Lakini kilio kilipoanza kule ng'ambo, mtaa mzima ukakaa chini na Kahongya, wenye unga wakaleta unga, wenye sukari wakaleta sukari, na Mwalimu hakuvuka. Hatua ishirini. Alikaa nyuma ya pazia akisikia nyimbo. Alijiambia atakwenda kesho, na kesho ikawa kesho kutwa, na siku za kulia zikaisha. Basi mwaka uliofuata, pressure ilipomwangusha Berthe, mtaa nao haukuvuka. Alimzika mke wake akiwa na watu wachache tu: binti yake Elsa, mchungaji na wachimba kaburi wanne wa kulipwa. Tangu hapo alikaa mwenyewe. Ndoo ya klori hakuiondoa langoni, hata ilipokauka na kupasuka. Alisema ni kwa usafi, lakini ukweli ni kwamba mtu anayeacha ndoo langoni anaweza kujidanganya kwamba watu hawaingii kwa sababu ya ndoo.

Simu ililia juu ya mto wa kitandani. Ilikuwa Elsa, aliyeolewa Beni kwa mfanyabiashara wa kakao, na ambaye kila Jumapili baada ya ibada alimpigia baba yake. Kila Jumapili Mwalimu alimwambia yuko salama. Leo alitaka kusema hivyo hivyo, lakini ulimi ulikuwa umekauka na maneno yalitoka vipande vipande. Elsa alimkatiza. Aliuliza mara ngapi, aliuliza rangi gani, aliuliza amekunywa nini. Akasikia: chumvi peke yake.

"Papa, minatoka sasa hivi," alisema. "Mais na hii mvua, kutoka Beni mpaka kwako ni masaa mawili, pengine matatu. Hautangojea masaa tatu. Kutoka mulango yako mpaka kwa Kahongya ni hatua makumi mbili."

Mwalimu alisema mahali pengine ataomba, si pale. Elsa alimuuliza mahali pengine wapi. Hapakuwa na mahali pengine. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo yake moja ilikuwa Beni ikitafuta gari.

Alisikia watu wakirudi kutoka kanisani. Alisikia lango la Kahongya likilia bawaba zake. Alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, yaliyokuwa ya haraka na mepesi, na akafahamu bila kujidanganya kwamba akilala pale hadi saa tisa, Elsa atakuta maiti. Ajabu ni kwamba hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha zaidi ni mlango wa buluu. Alilia kidogo, bila machozi kwa kuwa mwili haukuwa na maji ya kutoa, kisha akashika fimbo ya ufagio na kutoka.

Hatua ishirini alizifanya kwa vituo vinne. Kwenye lango lake alishika ile ndoo kuukuu ili asimame, ikaanguka naye. Katikati ya njia aliketi kwenye tope. Watoto wawili waliokuwa wakipita wakamkwepa kwa mbali. Kwenye ua wa miyenzi alipiga odi, sauti haikutoka, akapiga tena.

Kahongya alitoka akiwa bado na kikwembe, kitenge chake cha kanisani. Alimwona mzee ameketi chini penye lango lake, macho yameingia ndani, shati limelowa. Alirudi nyuma hatua mbili. Hakuna wa kumlaumu.

Mwalimu alimwambia hakuja kukaa. Alitaka sukari tu, vijiko sita, na angebaki palepale nje.

"Unatapika?" Kahongya aliuliza.

"Ndiyo."

Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye fundo la kikwembe alipofunga simu. Aliitoa, akaishika. Mwalimu aliitazama ile simu. Aliona ni haki yake. Kama mtu yeyote katika mji huu alikuwa na haki ya kupiga simu, alikuwa yeye.

"Ile siku," Kahongya alisema, "ulinikubalia tungojee asubui. Nikavuka njia, ukapiga. Ulikuwa unajua ni Ebola?"

Miaka sita Mwalimu alikuwa ametengeneza majibu ya swali hilo. Alikuwa nayo mengi, ya sayansi, ya sheria, ya usalama wa mtaa, yote yamepangwa vizuri kama daftari la inspekta. Lakini sasa hakuwa na mate ya kuyasema majibu marefu.

"Hapana," alisema. "Sikukuwa najua. Nilikuwa naogopa. Niliogopa itavuka njia ikuye kwetu. Na wakati mama alikufa, nikaogopa zaidi, sikukuya."

Mvua ilikuwa nyepesi. Kahongya alitazama nyumba ya ng'ambo, dirisha lenye pazia, kisha akamtazama mzee.

"Miaka sita nangojea useme ile neno moja," alisema. "Ile moja tu."

Akaingia ndani. Mwalimu alidhani amekwenda kupiga simu kwa faragha, akalaza kichwa kwenye nguzo ya lango. Lakini alirudi na jagi la maji, kopo la sukari, chumvi na kijiko, na mikononi amevaa mifuko ya plastiki ya mkate, imefungwa kwa uzi wa kushonea kwenye vifundo vya mikono. Mji huu umefundishwa, hata kama ulifundishwa kwa machungu. Aliweka vitu vyake juu ya kigoda. Mwalimu alianza kumwelekeza, vijiko sita vya sukari, visawazishwe.

"Ninajua," alisema Kahongya. "Ulitufundishaka hii darasani, troisième. Nyamaza, unamaliza nguvu."

Alisawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu, taratibu, namna ile ile alivyofundishwa na Mwalimu alipokuwa na miaka kumi na tano, kijiko kisijae kama kichuguu. Sita. Kisha nusu ya chumvi. Alionja tone moja, kama Mwalimu alivyowaambia waonje, isizidi chumvi ya machozi. Akamwinua kichwa kwa mkono wake wa plastiki na kumpa kijiko kimoja, akangoja, kijiko kingine, akangoja. Mwalimu alipotaka kunywa kwa pupa alimkatalia. Alipotapika, alifuta, akaanza upya.

Ni miaka mitano hakuna mtu aliyekuwa ameshika kichwa chake. Elsa alipokuja Krismasi alimkumbatia haraka mlangoni, na hapo ndipo ilipoishia. Alihisi vidole vya yule mwanamke nyuma ya shingo kupitia mfuko wa mkate, na aliona aibu kwa jinsi vilivyompendeza. Mtu anaweza kukaukiwa na vitu vingi bila kujua.

Jagi lilipofika nusu, mapigo yake yalikuwa yameanza kushika njia. Kahongya alimwita dereva wa pikipiki aliyemjua, akamwambia wazi mgonjwa ana nini, akamlipa, akapanda nyuma na kumbana mzee katikati ili asianguke. Kituoni walimtundikia maji ya mshipa. Kulikuwa na wengine watatu ambao, kama yeye juzi yake, walikunywa maji ya kijito cha bondeni. Ilikuwa kipindupindu. Muuguzi alisema aliyempa ule mchanganyiko ndiye aliyemfikisha pale akiwa hai.

Elsa alifika saa kumi, tope hadi magotini. Kahongya aliposikia sauti yake barazani, alinyanyuka na kuosha mikono. Kabla ya kutoka aliinama kwenye kitanda.

"Mama yangu haukumuliliaka," alisema. "Ukipona, utakuya kumulilia. Na usikuye mikono mitupu."

Mwalimu alikaa kituoni siku nne. Nyumbani Elsa alimtunza wiki nzima, akamjazia unga na makala na akarudi Beni kwa watoto wake. Nyumba ikawa kimya tena, kimya kile cha zamani, na jioni ya kwanza kilikuwa kizito kuliko alivyokikumbuka. Mara tatu alimwona Kahongya kupitia dirishani akianika nguo. Hakumpungia mkono, naye hakutazama. Mwalimu alianza kujiambia kwamba mgonjwa huambiwa mambo mengi. Labda alisema tu. Labda aende kesho.

Neno hilo, kesho, ndilo lililomwinua kwenye kiti. Alilijua. Alikuwa amekaa nalo miaka sita nyuma ya pazia lile lile.

Jumamosi asubuhi alishuka dukani, polepole, akanunua kilo moja ya sukari. Mwenye duka alimtazama, kwani hakukumbuka kumwuzia sukari hata siku moja. Alivaa koti lake la maziko. Kwenye lango alipita penye alama ya duara ardhini, mahali ndoo ilipokuwa, ambapo Elsa alikuwa ameitoa na kuitupa. Akavuka.

Kahongya alikuwa barazani kwenye cherehani yake, ameinamia shati la mtu. Mwalimu hakupiga odi, kwani anayekuja kulia hapigi odi. Alimwekea sukari karibu na mguu wa cherehani, akaenda kwenye ukuta wa kushoto, pale walipokaa wote wakati ule, akaketi chini juu ya udongo na koti lake. Cherehani ikanyamaza.

Alikuwa na hofu kwamba machozi hayatakuja, kwamba yamechelewa mno, na kwamba angeonekana mzee mpumbavu aliyeketi chini Jumamosi asubuhi bila sababu. Akalitamka jina la Mama Débora. Akasema kwamba alimfundisha Berthe kusuka vikapu, kwamba alicheka kwa kufunika mdomo, kwamba alikuwa mgonjwa na jirani yake akamwogopa. Alipofika hapo machozi yakaja, mengi, ya mamake Kahongya na ya Berthe pamoja. Hakuyafuta.

Wanawake wawili waliokuwa wakipita njiani wakasimama. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini nani amekufa hapa. Kahongya alimjibu kwamba ni mamake. Kisha akaweka shati kando, akaja, akaketi chini kando ya Mwalimu, bega lake likigusa la mzee. Wale wanawake walitazamana, wakashusha mizigo yao, wakaingia langoni wakakaa nao.